Majengo ya Wapi? Kisa cha Orodha Kunjuzi Zinazotegemeana Katika Kanzidata ya SACCOS

## Usuli

Chama kinachozungumziwa hapa ni SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ya Tanzania Bara yenye matawi katika mikoa kadhaa. Nimeondoa jina lake na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtumishi au mkopaji. Maeneo ninayoyataja ni ya kufafanulia tu, si lazima yawe ndiko matawi yaliko. Ila mgawanyiko wa kiutawala ninaoueleza ni wa kweli, na ndio uliobeba sehemu kubwa ya kisa.

Kwa miaka mingi daftari la wanachama lilikuwa Excel. Baadaye likahamishiwa Microsoft Access, programu ya kanzidata: majedwali kwenye kompyuta ya makao makuu, fomu kwenye kompyuta za makarani. Lilihamishwa kama lilivyokuwa, na safu tatu za maandishi huru, Mkoa, Wilaya na Kata, kila karani akijaza kwa namna yake. Dar es Salaam ikaandikwa DSM, Dar, D'Salaam na Dar es salam. Mtu akisoma anaona mkoa mmoja. Kompyuta inahesabu minne.

Tahajia ingeweza kusafishwa. Kilichouma zaidi ni majina yanayofanana. Kata iitwayo Majengo ipo Moshi, ipo Dodoma, ipo Songea na kwingineko. Afisa mikopo anayemtafuta mdhamini hawezi kufanya kazi na neno "Majengo" peke yake, na safu ya wilaya iliyopaswa kumwongoza ndiyo iliyojaa makosa. Ikafika siku barua ya kudai marejesho ikapelekwa kwa mtu aliyefanana jina na mdaiwa, katika kata yenye jina hilohilo, mji mwingine kabisa. Mtu huyo hakuwahi kukopa hata shilingi. Alidhalilishwa mbele ya majirani kwa deni lisilo lake. Bodi iliposikia hilo ndipo ikaidhinisha fomu ijengwe upya.

## Jaribio la kwanza

Mtumishi wa TEHAMA wa chama aliondoa maandishi huru na kuweka orodha kunjuzi tatu, yaani orodha zinazofunguka kwa kubofya ili mtu achague, kila moja ikitegemea kilichochaguliwa katika iliyo juu yake. Majina aliyaandika ndani ya fomu yenyewe, kisha akaandika msimbo wa masharti: mkoa ukiwa Kilimanjaro, orodha ya pili ionyeshe halmashauri hizi, ukiwa Dodoma, ionyeshe zile. Mkutano mkuu ulikuwa umekaribia, ripoti ilihitajika, na kwa tawi moja njia hiyo ilikuwa ya haraka. Makarani waliipenda siku ileile.

Ilipoenda kwenye matawi mengine ikaanza kulemea. Kila kata mpya ilimaanisha kufungua msimbo, kuongeza jina, na kusambaza nakala ya fomu kwa kila tawi. Nakala zikaanza kutofautiana. Tawi moja lilikuwa na kata ambazo jingine halikuwa nazo.

Lakini kasoro iliyoleta madhara ilikuwa nyingine. Karani alichagua Dodoma, kisha Jiji la Dodoma, kisha Majengo. Mwanachama akamsahihisha kuwa anaishi Moshi. Karani akarudi juu, akabadili mkoa kuwa Kilimanjaro, akahifadhi. Chini, Jiji la Dodoma ilibaki vilevile. Rekodi ikasoma Kilimanjaro, Jiji la Dodoma, Majengo. Kila neno katika hayo matatu ni jina halali, limeandikwa vizuri, limetoka kwenye orodha rasmi. Hakuna cha kumshtua msomaji. Kabla ya orodha, kosa lilionekana kwa macho kwa sababu ya tahajia mbovu. Sasa lilikuwa limevaa suti.

## Uamuzi wa msingi: rekodi ihifadhi nini?

Hapa ndipo nilipoombwa kushauri, na hapa ndipo majadiliano yalipokwama kuliko kwenye msimbo wowote.

Mhasibu na makarani walitaka rekodi ya mwanachama ibebe mkoa, halmashauri na kata, vyote vitatu, kwa kuwa ripoti zao zinasomeka hivyo. Ni ombi lenye mantiki kwa mtu anayeitazama fomu. Lakini kata ikishajulikana, halmashauri yake inajulikana, na halmashauri ikijulikana, mkoa unajulikana. Ukihifadhi vyote vitatu katika rekodi moja, umeviruhusu vipingane, na siku moja vitapingana. Tukaamua rekodi ya mwanachama ibebe kitu kimoja tu: namba ya kata. Orodha za mkoa na halmashauri zibaki kwenye fomu kama njia ya kuifikia kata, zisiandike chochote kwenye jedwali la wanachama. Ripoti inayotaka majina yote matatu iyapate kwa kuunganisha majedwali.

Majedwali yakawa matatu. tblMkoa ina namba na jina la mkoa. tblHalmashauri ina namba, jina, na namba ya mkoa wake. tblKata ina namba, jina, na namba ya halmashauri yake. Katika dirisha la uhusiano la Access tukawasha kifungo cha kulinda uhusiano huo, ili isiwezekane kuingiza mwanachama mwenye namba ya kata isiyokuwapo, wala kufuta halmashauri ambayo bado ina kata. Juu ya tblKata tukaweka faharasa ya kipekee inayojumuisha safu mbili kwa pamoja, namba ya halmashauri na jina la kata: Majengo inaruhusiwa kurudiwa nchini, hairuhusiwi kurudiwa ndani ya halmashauri moja.

Kwa nini halmashauri na si wilaya? Kwa sababu havilingani. Wilaya ya Arumeru ina halmashauri mbili, ya Arusha na ya Meru. Wilaya ya Songea ina tatu: Manispaa ya Songea, Halmashauri ya Wilaya ya Songea na Madaba. Kata inaonekana wazi zaidi ikiwa chini ya halmashauri, na nyaraka ambazo wanachama huleta, kama barua za serikali ya mtaa, hubeba jina la halmashauri. Makarani walizoea kusema wilaya, basi lebo kwenye fomu ikaandikwa "Wilaya/Halmashauri". Tarafa tuliiruka, kwa sababu hakuna mtu katika chama aliyewahi kuitumia.

Swali la kutumia namba badala ya majina lilijibiwa na majina yenyewe. Kiswahili na lugha za makabila yetu zina ng', na alama ile ya juu ni sumu kwa maswali ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata. Msimbo unaotafuta halmashauri kwa jina utafanya kazi Moshi na Mbozi, halafu utavunjika Nyang'hwale, kwa sababu alama hiyo inachukuliwa kuwa mwisho wa maandishi. Msimbo wowote unaotafuta kwa jina ungekumbana na tatizo hili mara tu chama kingefika Geita.

## Fomu ilivyojengwa

Kila orodha ilipewa safu mbili, namba na jina, na upana wa safu ya namba ukawekwa sifuri. Karani anaona jina. Fomu inashika namba. Sifa ya Limit To List ikawa Yes ili asiandike nje ya orodha. Chanzo cha orodha ya kata kikawa hiki (frm ni fomu, cbo ni orodha kunjuzi):

```
SELECT KataID, JinaKata FROM tblKata
WHERE HalmashauriID = Forms!frmMwanachama!cboHalmashauri
ORDER BY JinaKata;
```

Na mkoa unapobadilika:

```
Private Sub cboMkoa_AfterUpdate()
    Me.cboHalmashauri = Null
    Me.cboKata = Null
    Me.cboHalmashauri.Requery
    Me.cboKata.Requery
End Sub
```

Mistari miwili ya Null, yaani thamani tupu, ndiyo iliyofunga mlango wa kasoro ya Dodoma na Moshi. Mafunzo mengi ya orodha zinazotegemeana huishia kwenye Requery, yaani kuisoma orodha upya. Requery peke yake inabadilisha machaguo yanayoonyeshwa, lakini haiondoi thamani iliyokwisha kuchaguliwa. Kisanduku kinaweza kuonekana kitupu huku kikiwa bado kimeshika namba ya kata ya zamani, kwa kuwa namba imefichwa na jina lake halimo tena kwenye orodha. Karani anaona pengo, anadhani hakuna kitu, anahifadhi. Kwa hiyo kwanza futa, ndipo usome upya. Orodha ya halmashauri nayo ilipewa utaratibu huohuo kwa kata iliyo chini yake.

## Kilichojitokeza fomu ilipoanza kutumika

Tatizo la kwanza lilikuwa rekodi za zamani. Karani akifungua mwanachama aliyekwisha sajiliwa, visanduku vya juu vilikuwa vitupu au vimebaki na mkoa wa mwanachama aliyetangulia, na kata haikuonekana. Ilitarajiwa, kwa sababu mkoa na halmashauri havihifadhiwi popote kwenye rekodi. Dawa ni tukio la On Current: kila rekodi inapofunguka, msimbo unachukua namba ya kata, unatafuta halmashauri yake, kisha mkoa wa halmashauri hiyo, unavijaza visanduku viwili vya juu na kuzisoma orodha upya. Katika Access, thamani inapojazwa na msimbo tukio la AfterUpdate, lile linaloamka mtu anapobadili kisanduku, haliamki, hivyo Requery lazima iitwe waziwazi. Hilo ni bahati njema pia: lingeamka, kata ingefutwa kila rekodi inapofunguliwa.

La pili lilijificha. Karani alibadili mkoa kwa bahati mbaya, akaona kata imefutika, akabonyeza Esc. Kata ikarudi kwenye rekodi, kwa sababu imefungwa kwenye jedwali. Mkoa na halmashauri havikurudi, kwa sababu havijafungwa popote. Fomu ikawa inaonyesha mkoa mmoja juu na, chini yake, kata iliyohifadhiwa ya mkoa mwingine. Data ilikuwa salama, lakini karani aliyeona hivyo alijaribu "kurekebisha" na kuharibu rekodi iliyokuwa sahihi. Ikabidi tukio la Undo la fomu nalo livijaze upya visanduku vya juu, likitumia OldValue (thamani ya awali) ya kata, kwa kuwa wakati tukio hilo linapoamka thamani yenyewe bado haijarudi.

La tatu ni fomu ya mfululizo, ile inayoonyesha wanachama wengi mstari kwa mstari. Hapo orodha kunjuzi haifai. Mistari yote inatumia chanzo kimoja cha orodha, hivyo ukichagua halmashauri katika mstari mmoja, kata za mistari mingine zinatoweka machoni. Makarani waliingiwa na hofu wakidhani data imefutika, na mmoja akazima kompyuta. Kuna mbinu ya kufunika orodha kwa kisanduku cha maandishi chenye jina la kata. Hatukuitumia. Tuliamua fomu ya mfululizo iwe ya kusoma tu, majina yote matatu yakitoka kwenye swali lililounganisha majedwali, na karani akibofya mara mbili ifunguke fomu ya mwanachama mmoja. Bado naona ulikuwa uamuzi bora, kwa sababu unapunguza idadi ya mahali ambapo anwani inaweza kuguswa.

Kwenye fomu ya mikopo, taarifa za mdhamini zilikuwa katika fomu ndogo ndani ya fomu kubwa, na kila ilipofunguka Access iliuliza Enter Parameter Value. Fomu iliyowekwa ndani ya nyingine haihesabiwi kuwa fomu iliyofunguliwa, kwa hiyo anwani ya Forms!frmMdhamini haina inakoelekea. Tuliacha kuandika anwani ndani ya swali. Msimbo ukawa unaunda chanzo cha orodha wenyewe kwa kutumia Me, yaani fomu ileile msimbo ulimo, nayo fomu ikawa inafanya kazi popote inapowekwa.

## Matawi yaliyobaki na Excel

Baadhi ya matawi hayakuwa na mtandao wa kuyaunganisha na makao makuu. Yaliendelea kujaza Excel na kutuma faili kila mwezi. Yalipewa orodha zinazotegemeana za Excel, kwa kutumia Data Validation (ukaguzi wa data) na fomula ya INDIRECT inayosoma jina la eneo la seli lililotajwa kwenye seli ya jirani.

Njia hiyo ina vikwazo vyake. Jina la eneo la seli katika Excel haliruhusu nafasi, hivyo Dar es Salaam lazima iwe Dar_es_Salaam, na fomula ibadilishe nafasi kuwa mstari wa chini kwa SUBSTITUTE. Nyang'hwale inakwama tena. Na Excel haifuti seli ya kata mkoa unapobadilika, wala haimzuii mtu anayebandika data kutoka faili lingine: kubandika kunapita juu ya ukaguzi wote.

Faili hizo ziliingizwa Access bila kupitia fomu yoyote. Hapo ulinzi wa kwenye majedwali ukaonyesha thamani yake. Mistari yenye kata isiyo ya halmashauri iliyotajwa haikupata namba ya kata, ikakataliwa na kuwekwa kwenye jedwali la pembeni, ikarudishwa tawini. Kama ulinzi ungekuwa kwenye fomu peke yake, makosa ya matawi hayo yangeingia yote.

## Rekodi za zamani na mikoa iliyogawanyika

Kuhamisha maandishi ya zamani kwenda kwenye namba kulifanyika kwa kulinganisha majina matatu kwa pamoja. Yaliyolingana yaliingia. Yasiyolingana yaliachwa bila kata, hata pale ambapo mtu angeweza kukisia. Meneja alitaka yakisiwe ili ripoti ijae. Tulikataa kwa sababu kata iliyokisiwa haitofautiki na kata ya kweli, na tulikuwa tumeshaona barua iliyofika kwa asiyehusika. Wanachama wa kundi hilo waliulizwa walipofika kaunta, au ilitafutwa fomu yao ya karatasi.

Sehemu ya makosa hayakuwa makosa. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, ukachukua Mbozi, Ileje, Momba na mji wa Tunduma. Mwanachama wa Mbozi aliyesajiliwa kabla ya hapo aliandikwa Mbeya, na wakati ule ilikuwa sahihi. Dar es Salaam nako, Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Sinza, Manzese na Kimara zikahamia huko. Katika mpangilio mpya, mabadiliko ya Songwe yalihitaji kubadili namba ya mkoa katika mistari michache ya tblHalmashauri. Ya Ubungo yalihitaji kubadili namba ya halmashauri katika mistari ya tblKata. Hakuna rekodi ya mwanachama iliyoguswa, na orodha kwenye fomu zilijipanga upya zenyewe.

## Matokeo

Mkanganyiko wa mkoa mmoja na halmashauri ya mwingine ulikoma, kwa kuwa hakuna tena mahali pa kuuandika. Maafisa mikopo wakaanza kupanga safari zao kwa kata, jambo ambalo hapo kabla halikuwezekana. Kuongeza kata kukawa kazi ya mtumishi mmoja kujaza mstari mmoja kwenye jedwali.

Lakini makarani walilalamika, na walikuwa na haki. Foleni ya kaunta ikiwa ndefu, kuchagua mara tatu kwa kila mtu ni mzigo, hasa kwa karani anayemjua mwanachama na kata yake. Tukaongeza kisanduku cha nne cha kutafuta, kinachoorodhesha kata zote kwa jina kamili: "Majengo, Manispaa ya Moshi, Kilimanjaro". Karani anaandika herufi za mwanzo, anachagua, na msimbo unajaza visanduku vingine. Kata za nchi nzima zinakaribia 4,000, na orodha ya ukubwa huo Access inaimudu bila shida. Ndani ya muda mfupi wengi wakawa wanatumia kisanduku hicho, na orodha tatu zikabaki kwa makarani wapya na kwa wanachama wanaotoka mikoa ya mbali.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuhifadhi ngazi ya chini peke yake. Mambo mengine yote, Null, Requery, On Current, ni matengenezo ya skrini. Yangeweza kukosewa na data ikabaki sahihi. Uamuzi wa kuhifadhi ungekosewa, hakuna msimbo wa fomu ambao ungeiokoa. Anayejenga orodha hizi aanze kwa kuuliza kama kila kitu cha ngazi ya chini kina mzazi mmoja tu. Kata ina halmashauri moja, hivyo mnyororo unashika. Tulipojaribu utaratibu huohuo kwa aina ya mkopo na dhamana, haukushika, kwa sababu dhamana moja inakubalika kwa mikopo ya aina nyingi. Hapo ilihitajika kuwapo jedwali la kati la kuunganisha, na rekodi ikalazimika kubeba vyote viwili.

Kilichokosekana mapema ni kuketi na makarani kabla ya kujenga. Kisanduku cha kutafuta kingekuwapo tangu mwanzo. Orodha za ngazi kwa ngazi zinamfaa mtu asiyejua anachotafuta. Karani wa kaunta mara nyingi anajua, na anataka kufika moja kwa moja.

Suala la historia lilitatuliwa nusu. Ukiendesha leo ripoti ya mwaka ambao Songwe haikuwapo, wanachama wa Mbozi wanatokea chini ya Songwe. Chama kiliamua kuhifadhi nakala ya PDF ya ripoti ya kila mwisho wa mwaka badala ya kuweka tarehe za kuanza na kuisha kwenye majedwali ya maeneo. Kwa ukubwa wake inatosha kwa wakaguzi, ila kulinganisha mwaka na mwaka bado kunafanywa kwa mkono. Ningependelea tarehe ziwekwe kungali mapema, kabla mkoa mwingine haujagawanywa.

Kuna mpango wa kupokea wanachama walioko Zanzibar, ambako ngazi inayotumika ni shehia. Pendekezo lililoko mezani ni kutounda jedwali jipya, bali kuziingiza shehia kwenye tblKata chini ya wilaya zake, lebo ya fomu isomeke "Kata/Shehia", na kuongeza safu moja inayotaja aina ya eneo. Orodha kwenye fomu hazitahitaji kubadilishwa hata mstari mmoja.